Homa inayofuata siku ya kufagia banda la kuku

Mgonjwa wa kikohozi akiketi mbele yangu hapa Mwanza, kwanza tunapima makohozi kutafuta TB, na iendelee kuwa hivyo. Ila majibu yakirudi safi, na antibaotiki zimeshamezwa bila nafuu, ninamuuliza: unafuga nini, na banda unalifagia siku gani?

Wafugaji wa Buhongwa, Kisesa na Nyasaka hutandika maranda au pumba za mpunga. Matandiko yakilowa huota ukungu. Yakikauka na kufagiwa, vumbi linalotimka hubeba ukungu huo pamoja na chembe za manyoya na kinyesi, ndogo kiasi cha kufika kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa pafu. Wengi hawadhuriki. Kwa wachache, kinga ya mwili huzishambulia chembe hizo na vifuko vikavimba. Hiyo ndiyo nimonaitisi ya mzio. Haiambukizi.

Kinachoifichua ni muda. Pumu mara nyingi hubana dakika chache tu baada ya vumbi, na kifua hupiga miluzi. Nimonaitisi hii husubiri muda wa saa 4 hadi 8 baada ya vumbi. Mama anafagia asubuhi, anakwenda sokoni akiwa mzima, alasiri anatetemeka kwa homa na kukohoa kikavu. Kesho au keshokutwa amepoa. Kwa ukanda wenye malaria kama wetu, anameza dawa mseto bila kupima na kuamini ndiyo iliyomponya! Ndiyo maana ninawaomba wagonjwa waandike siku za kufagia na siku za homa kwenye karatasi moja.

Wanaonitia hofu zaidi ni wasiopata homa. Wanavuta vumbi hilo kidogo kidogo kwa miezi na miaka, wanakonda, pumzi inakatika wakipanda kilima, na nikiwasikiliza mgongoni nasikia mchakacho mwembamba, kama nywele zinazosuguliwa sikioni. Hapo makovu yameanza, na kovu la pafu halifutiki.

Dawa ya prednisolone hutuliza uvimbe, lakini ukirudi bandani kila asubuhi ni kazi bure, tena dawa hiyo huweza kukipa nguvu kifua kikuu kilichojificha. Tiba ni kuliepuka vumbi. Najua kuku hao ndio ada ya shule. Basi afagie mwingine asiyedhurika, anyunyize maji kwanza na avae barakoa ya N95, maana kitambaa hupitisha vumbi hilo. Dalili zikiendelea, kuku waondoke, na banda lisafishwe na mtu mwingine, kwa sababu vumbi la ndege hubaki miezi kadhaa baada ya ndege wenyewe kuondoka.