Koni si pembetatu, jamani

Juma lililopita aliingia kijana karakanani kwangu pa kufulia bati, hapa Kadutu, mjini Bukavu, na karatasi aliyoikata pembetatu safi, pande mbili sawasawa. "Papa, nitengenezee faneli. Kipimo ndicho hiki." Yeye ni kadafi, anauza mafuta ya gari kwa madumu kando ya barabara, na kadafi asiye na faneli nzuri ananywesha udongo faida yake. Simlaumu sana. Shuleni koni inachorwa ubaoni kama pembetatu iliyokalia yai, na mwanafunzi anaondoka akiamini alichokiona. Lakini huyu alikuwa wa tatu mwezi huu, na wa pili kati yao alikuwa fundi mwenzangu!

Chukua karatasi ileile, ikunje mpaka zile pande mbili zikutane. Tazama mdomo. Penye maungio inachomoza ncha kama mdomo wa birika, na upande wa pili umekuwa mfupi. Sababu yake haihitaji hesabu. Ukingo wa faneli, popote utakapoushika, uko mbali na ncha kwa umbali mmoja. Na nukta zote zilizo mbali na msumari mmoja kwa umbali mmoja zinakaa wapi? Kwenye duara. Kitako cha pembetatu kimenyooka, kwa hiyo katikati yake kiko karibu na ncha kuliko kwenye kona. Wengine huniambia, "Utapunguza kwa mkasi." Sawa, punguza mpaka mdomo ulale vizuri mezani, kisha fungua karatasi uone umebaki na nini. Tao. Umefika nilipokuwa nimekaa nakungoja, ila bati umekwisha kulila.

Faneli ya kijana: mdomo wenye kipenyo cha sentimita 30, kina 20. (Nilimshawishi mimi achukue vipimo hivyo, kwa sababu hesabu yake inatoka safi.) Nusukipenyo 15, kina 20, basi ubavu, yaani toka ncha hadi ukingo, ni 25, asante Pythagoras. Fungua bikari sentimita 25, piga duara. Kwenye duara hilo unataka tao lenye urefu sawa na mzingo wa mdomo, na pembe yake ni 360 mara 15 gawanya kwa 25: digrii 216. Hiyo inapita nusu duara. Haya, nioneshe pembetatu yenye kona ya digrii 216.

Kishingo cha chini nakipita haraka: tao la pili, msumari uleule, bikari sentimita 2.5 ikiwa tundu lina kipenyo cha 3. Usihamishe msumari.

Kinachonichosha kuliko faneli ni ndoo. Hapo hata waliokubali habari ya tao wanarudi nyuma. "Papa, ndoo imesimama karibu wima, kata trapeza tu, nani ataona?" Yaani umbo la pande nne zilizonyooka, juu pana, chini jembamba. Tupime basi. Mdomo kipenyo 30, kitako 24, ubavu 26. Ndoo ni koni iliyokatwa ncha, na ncha hiyo, ungeifuata hadi chini, iko mbali: 15 mara 26 gawanya kwa 3 (nusukipenyo 15 toa 12), yaani sentimita 130 kutoka mdomoni. Pembe ni kama digrii 41 na nusu. Tao ni refu na limelala, jicho linasema limenyooka. Sasa vuta kamba toka kona hadi kona ya tao la juu, upime katikati: tao limepanda juu ya kamba kwa zaidi ya sentimita 8! Hizo 8 ndizo anazoniambia hakuna atakayeziona. Ndoo ya trapeza haikai sakafuni. Inainama kama mlevi anayesikiliza siri. Na kwa tao la sentimita 130 usitumie uzi, uzi unavutika. Chukua ubao mwembamba, msumari ncha hii, kalamu ncha ile.

Swali la haki ni hili: digrii 216 unazipataje bila kipimapembe? Zinazobaki ni 144, ambazo ni pande mbili za pentagoni, umbo la pande tano sawa lililo ndani ya duara, na pentagoni inachorwa kwa bikari na rula tangu enzi za Euclid, Mgiriki wa kale. Najua kuichora. Siichori. Kwenye bati lenye kutu, chini ya jua, kila mstari wa ziada ni kosa jipya. Natembeza bikari ndogo juu ya tao, hatua za sentimita 2, hatua 47, kisha milimita mbili na ushee, maana mzingo ni 94.25. Hatua inakata kona kidogo, lakini kwa hatua fupi hivyo jumla ya kosa ni robo milimita. Mwenye haraka anayetembea kwa hatua za sentimita 10 anakosea milimita 6, halafu anamlaumu aliyechomelea.

Kuunyoosha mzingo wa duara kikamilifu kwa bikari na rula peke yake hakuwezekani kabisa. Mwanahisabati Ferdinand Lindemann alithibitisha mwaka 1882 kwamba pi, yaani mzingo gawanya kwa kipenyo, haitoki kwenye mlinganyo wowote wa aljebra wenye namba nzima. Uthibitisho wenyewe nimeujaribu mara mbili, nikakwama mara mbili. Kwa hiyo hatua zangu 47 ni makadirio, hata yakivaa suti. Na 22 kwa 7, ile pi ya shuleni, je? Kwa faneli hii inakosea chini ya nusu milimita. Mkasi wangu unakosea zaidi.

Jambo linalonisumbua kweli ni unene. Kitabuni bati halina unene. Langu likiwa la milimita moja, mzingo wa nje na wa ndani vinatofautiana zaidi ya milimita 6. Mimi nahesabu kwa katikati ya unene, lakini bati nene likipinda sana, sehemu isiyovutika haikai katikati. Hapo naacha hesabu, najaribu kwenye kipande chakavu.

Na usiniletee karatasi ya tufe, umbo la mpira. Mwanahisabati Gauss alionesha mwaka 1827 kwa nini tufe halilali bapa bila kunyooshwa au kukunjamana. Sufuria la mviringo linataka nyundo.

Tumerudi kwa kadafi. Kile kipande cha digrii 144 kilichobaki alitaka kukitupa. Kikunje: nusukipenyo sentimita 10, kina karibu 23, ukiacha kidogo cha maungio. Ni faneli ya pili, nyembamba, ya kumiminia kwenye chupa. Hiyo nilimlipisha kazi tu, bati lilikuwa lake.