Presha haina likizo: dhana potofu za Desemba huku Moshi

Ikishafika tarehe 20 Desemba, barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu haipitiki kirahisi. Watu wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza na Dodoma, na gari limejaa unga, mchele, kreti za bia na watoto wanaouliza kwa nini huku kuna baridi. Watani wetu wanasema Wachagga tumekwenda kuhesabiwa. Asiyeonekana anaulizwa biashara imemkalia vibaya au vipi.

Niseme mapema kwamba chakula cha nyumbani sina ugomvi nacho. Mtori, machalari, mboga za kihambani, parachichi lililoiva lenyewe, hivyo si vitu vya kumuumiza mtu. Ninachogombana nacho ni kauli tunazorushiana pale kwenye mabenchi, kila mmoja akiwa daktari. Ukizisikiliza vizuri, nyingi zina kazi moja tu: kumpa mtu ruhusa ya kufanya alichokwisha kuamua.

"Nikipanda mlimani presha inashuka yenyewe"

Hii nimeisikia kwa watu wazima wenye akili zao. Mtu anaacha vidonge mezani Dar kwa sababu hewa ya kwao ni safi na hana bosi wa kumsumbua. Anajisikia vizuri, na hapo ndipo anapodanganyika, maana presha kwa watu wengi haina dalili hata ikiwa juu. Kujisikia vizuri si kipimo. Mlima haushushi presha, na wiki mbili za bia, nyama yenye chumvi na kulala saa nane usiku zinaipandisha. Mbaya zaidi, zipo dawa ambazo ukizikatisha ghafla, kama atenolo na propranolo, presha na mapigo ya moyo yanaweza kurudi kwa kishindo.

Halafu kuna wanaoziacha kwa makusudi: "Dawa na pombe havipatani, kwa hiyo leo simezi." Nusu ya kwanza ya sentensi ina ukweli. Nusu ya pili imegeuzwa, kwani cha kuachwa hapo si dawa.

Kwa mwenye sukari habari ni nzito zaidi, na ningependa kila familia inayokutana Desemba iijue. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari vya glibenklamaidi akinywa pombe bila kula vizuri, ini linashughulika na pombe na kuacha kazi yake ya kuingiza sukari kwenye damu. Sukari inaweza kushuka saa kadhaa baadaye, usiku wa manane. Anatoka jasho, anatetemeka, anaropoka, anayumba. Wenzake wanacheka: "Baba mdogo leo kazidiwa, mlazeni." Wanamlaza, na asubuhi haamki. Mwenye sukari akianza kuonekana mlevi kuliko alivyokunywa, mpimeni sukari kama kipimo kipo. Kama hakipo na bado anaweza kumeza, mpeni soda ya kawaida au maji yenye sukari. Akishindwa kumeza msimmiminie kitu mdomoni, tafuteni gari mumpeleke hospitali.

"Chumvi nimeacha, siku hizi natia magadi tu"

Kiburu, yaani ndizi na maharage, bila magadi wengine hawakiiti kiburu, na makande ni hivyo hivyo. Lakini kinachopandisha presha kwenye chumvi ni sodiamu, na magadi yamejaa sodiamu. Kwa hiyo bibi aliyeambiwa kliniki apunguze chumvi, akabaki na magadi yake, hajapunguza alivyodhani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo iliyoko kwenye mkate, kwenye viungo vya pakiti na kwenye nyama choma ya kuchovya.

Magadi yana jambo la pili: madini ya floridi. Huku kwetu na upande wa Arusha yako maeneo ambayo maji yenyewe tayari yana floridi nyingi, ndiyo maana unaona watu wana meno ya kahawia tangu utotoni. Kuongeza magadi kwenye chakula cha mtoto ambaye meno yake bado yanaumbika ni kumzidishia. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva bila magadi. Yanahitaji tu kuni za ziada kidogo, basi.

"Mbege ni uji"

Najua nagusa pabaya. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi na gome la mti wa msesewe la kuipa uchungu, na ni kweli inashibisha. Lakini ni pombe, na tofauti na bia, chupa yake haijaandikwa nguvu. Inaendelea kuchachuka ikiwa kwenye pipa, kwa hiyo kata moja ya leo si sawa na kata moja ya kesho. Anayehesabu bia zake vizuri na kuichukulia mbege kama kishushio hajui amekunywa kiasi gani.

Tena tumeipa sifa ya kuongeza maziwa kwa mama aliyejifungua. Kilevi kinaingia kwenye maziwa, na kinaweza kuyafanya yatoke kwa shida badala ya kuyaongeza. Mama wa kwenye uzazi ana mtori wake, na mtori unamtosha kabisa.

"Nimelala, nimepiga supu, pombe imeisha"

Hapa hesabu inasaidia kuliko mahubiri. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Ini la mtu mzima linaondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halisikilizi mtu. Bia tano ni gramu 100, yaani kazi ya saa kumi hadi kumi na nne. Aliyeanza saa mbili usiku anaweza kuwa bado ana kilevi mwilini saa mbili asubuhi, na huenda hata baadaye. Sasa fikiria anayetaka kuwahi kabla ya foleni ya kurudi Dar: saa kumi na moja alfajiri ameshawasha gari, ana familia nzima ndani, mbele yake kuna Same, Mombo, Korogwe, Segera na Chalinze.

Supu ya mbuzi inakupa maji, chumvi na joto tumboni. Kahawa inakuondolea usingizi, unabaki mlevi aliye macho. Kuoga maji ya baridi kunakufanya mlevi msafi. Kuzimua, yaani kumkaribisha asubuhi aliyekupiga usiku, kunaahirisha maumivu tu kwa sababu ini limeongezewa mzigo kabla halijamaliza wa jana. Na kumeza dawa ya maumivu ya diklofenaki kwenye tumbo tupu lililolewa ni kuchokoza vidonda na kutokwa damu tumboni. Kinachoondoa pombe ni muda, na kinachopunguza makali ni maji, chakula kabla ya kunywa, na kuacha mapema.

Pia "moyo unanienda mbio, ni uchovu wa safari" isipuuzwe. Mwaka 1978, daktari Philip Ettinger na wenzake wa Marekani waliandika juu ya watu waliokuwa wakifika hospitali na mapigo ya moyo yaliyovurugika baada ya wikiendi na sikukuu za kunywa sana, wengine bila ugonjwa wa moyo uliojulikana. Wakauita moyo wa sikukuu. Mapigo yakienda ovyo ovyo, kifua kikibana au pumzi ikikata, usisubiri Boxing Day iishe.

"Hii homa ni malaria tu, nimezoea"

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa hospitali za KCMC na Mawenzi, hapa hapa Moshi. Zaidi ya 500 kati yao walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vya uhakika viliikuta malaria kuwa chanzo cha homa kwa 14 tu. Waliobaki walikuwa na mambo mengine, yakiwemo magonjwa yanayotoka kwa wanyama: brusela, leptospira, homa ya Q.

Sasa weka hilo kando ya sikukuu zetu. Tunachinja wenyewe, mikono mitupu, mtu ana mkwaruzo kidoleni. Damu inakingwa kwa ajili ya kisusio, ile supu yetu ya damu. Kuna wanaosisitiza kisusio kisichemke sana kisije kikaharibika ladha. Kuna maziwa mabichi ya ng'ombe wa bibi, na mgando uliotengenezwa kwa maziwa hayo hayo. Jibu la haraka huwa: "Mbuzi tumemfuga wenyewe, ni mzima." Mnyama mwenye brusela anaweza kuonekana mzima kabisa, pengine dalili pekee ikawa kutupa mimba. Kugandisha maziwa hakuui wadudu hao kwa uhakika. Kuchemsha kunaua. Kwa hiyo maziwa yachemshwe kwanza ndipo yagandishwe, kisusio kichemke kweli kweli, na anayechinja avae glavu au angalau afunge kidonda na kunawa kwa sabuni.

Jambo linalosahaulika ni muda. Brusela kwa kawaida hujitokeza wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, na inaweza kuchelewa kwa miezi. Maana yake aliyechinja tarehe 24 Desemba anaanza kuugua katikati ya Januari au Februari, amesharudi Mbagala au Sinza, homa inapanda na kushuka, jasho la usiku, viungo na mgongo vinauma. Anakwenda duka la dawa, anapewa dawa mseto ya malaria. Haisaidii. Anapewa tena. Daktari wa Dar hawezi kujua habari za mbuzi wako usipomwambia. Mwambie: nilikuwa kijijini, nilichinja, nilikunywa maziwa mabichi.

Upande wa pili pia upo. Aliyetoka Pwani akapata homa siku ya nne baada ya kufika Kibosho, huenda ni malaria kweli, aliyoibeba kutoka alikotoka, kwa sababu malaria huchukua siku saba au zaidi tangu mbu aume. Ndiyo sababu ya kupima kwanza.

Na mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi, hata kama ni dume la laki tano na hata kama mtachemsha mpaka asubuhi. Kimeta kinaua, mbegu zake ni sugu kwa moto wa kawaida, na anayemchuna ndiye anayeanza kuumwa. Aitwe afisa mifugo.

"Gauti ni ya nyama nyekundu, mimi nimehamia kuku"

Umehamia kuku, lakini bia umebaki nayo. Bia inapandisha asidi ya yuriki, ambayo ndiyo chanzo cha gauti, na soda zenye sukari nyingi pia. Maini na figo za kwenye supu zimo kwenye orodha hiyo, na dagaa vilevile. Aliyewahi kuvimba kidole gumba cha mguu usiku wa Krismasi hahitaji maelezo marefu.

"Mkaa ukishakolea hauna moshi, ingizeni ndani"

Wageni wa Dar wanaona baridi ya usiku kule juu, mwenyeji mwenye huruma anawaingizia jiko la mkaa chumbani, mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa kanga. Hii inaua. Mkaa uliokolea vizuri bila moshi unaendelea kutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mwili unakosa hewa huku mtu anasinzia taratibu.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi mzito, yaani zile zile za hangova, na tarehe 26 Desemba nani atashtuka? Angalieni hivi: kama waliolala chumba kimoja wameamka wote vichwa vinauma, na mmojawapo ni mtoto ambaye hakunywa chochote, hiyo si pombe. Watoeni nje haraka, fungueni kila kitu, mpelekeni hospitali aliyezimia au anayechanganyikiwa. Baridi ya huku inatibika kwa blanketi mbili na soksi. Jiko likae jikoni.

"Januari nitakunywa dawa ya kusafisha tumbo, kilo zote ziishe"

Watu wanaamini Desemba inawaongezea kilo tano. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, uliowapima watu 195 kabla na baada ya msimu wa sikukuu, ulikuta wastani wa ongezeko ni gramu 370, wakati wengi wao walidhani wameongezeka zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba kiasi hicho kidogo hakikuondoka baadaye. Kinabaki, mwaka unaofuata kinaongezewa kingine.

Dawa za kusafisha tumbo zinazouzwa Januari kwa kasi ni, nyingi, dawa za kuharisha zilizowekwa kwenye pakiti nzuri. Zinatoa maji na kinyesi, mizani inashuka siku mbili, mafuta yapo pale pale. Mwenye presha anayetumia vidonge vya kukojoa akiongeza na kuharisha, potasiamu inaweza kushuka hadi misuli ikalegea na moyo ukapiga vibaya. Ini na figo zinasafisha bila kulipwa. Ukitaka kuzisaidia, zipe maji, na ukiwa bado uko nyumbani shuka kwa miguu kutoka kwenu hadi barabarani kisha upande tena. Kwa vilima vya Uru au Kirua, nusu saa ya hivyo kila siku kwa siku tano inafikisha dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa kwa mtu mzima, na wazee wa huko wamekuwa wakifanya hivyo maisha yao yote, na mkungu wa ndizi kichwani.