Mgagani na mchunga: upunguze uchungu, usimwage lishe

Masika yakianza Dodoma, mafungu ya mgagani na mchunga hujaa sokoni Majengo. Haya ndiyo wanayoniuliza zaidi akina mama.

Mama mkwe amenifundisha kuchemsha mgagani, kumwaga maji, kisha kuchemsha tena. Ni sawa?

Uchungu utapungua kweli, ila maji yale ya kijani yanaondoka pia na vitamini C, asidi ya foliki na viambata vyenyewe vinavyoupa mgagani ukali wake. Kama ni lazima umwage, mwaga mara moja tu.

Mimi napendelea hivi. Chuma majani machanga kabla mmea haujatoa maua, maana yakikomaa huzidi uchungu. Osha yakiwa mazima, ndipo uyakate. Bandika maji kidogo, yakichemka tia mboga, funika, subiri dakika chache tu majani yalainike. Kisha mimina maziwa, au karanga zilizotwangwa, ukoroge taratibu moto ukiwa mdogo hadi rojo liwe zito na lishikane na majani. Mafuta ya karanga hutuliza uchungu mdomoni, na pia husaidia mwili kufyonza beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ukishaepua, kamulia limao: linasaidia kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Chai isubiri walau saa moja, maana huzuia chuma hicho kufyonzwa.

Chagua karanga vizuri, jamani. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi usizitwange, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu hapa Dodoma na Manyara, wakati huo ikiwa kwenye mahindi.

Na magadi?

Yaache. Yanalainisha haraka na kutunza rangi, lakini yanaharibu vitamini C na B1, tena yana sodiamu isiyomfaa mwenye presha.

Nakausha mboga kwa ajili ya kiangazi. Nianike juani?

Anika kivulini, penye upepo, juu ya kitambaa safi. Jua kali linaunguza beta-karotini. Jani likivunjika ukilifinya kwa vidole, limekauka; hifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na mwanga.

Mwarobaini nao ni mchungu. Naweza kuupika?

Hapana. Uchungu peke yake haufanyi jani kuwa chakula. Mjamzito asiunywe, na mtoto mchanga asipewe mafuta yake kabisa.

Baba ana kisukari. Akila mchunga kila siku aache vidonge?

Asiache. Ale mchunga kama mboga, vidonge aendelee navyo, na akapime sukari kliniki kama kawaida. Akiwa anatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, asiongeze wala kupunguza mboga za majani ghafla kabla ya kuzungumza na daktari, kwani vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.