Kuna Hesabu Ndani ya Uji

Koroga gramu 60 za unga wa wimbi katika lita moja ya maji, uchemshe, upate ule uji mwepesi anaopewa mtoto wa miezi saba. Unateremka vizuri, mtoto hasumbui, kikombe kinarudi kitupu. Mimi hufundisha lishe chuo kikuu hapa Kisumu, na kila mwaka wa masomo unapoanza huandika uji huo ubaoni kabla hata sijajitambulisha vizuri.

Kuna lalamiko ambalo silikosi. Wiki ya pili haiishi kabla mtu hajainua mkono: "Mwalimu, sisi tulikuja kusoma lishe. Mbona ratiba ina hesabu, kemia, takwimu, halafu tena sosholojia?" Wengine KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, iliwapanga huku ilhali walitaka udaktari, kwa hiyo hasira ni mbili. Siwalaumu. Ratiba ya mwaka wa kwanza ni kama duka la jumla: kila kitu kipo, ila hakuna anayekuonyesha vinaungana wapi.

Basi tunapiga hesabu. Gramu 100 za unga hutoa takriban kilokalori 350, hivyo zile 60 hutoa 210. Tumbo la mtoto hukadiriwa kubeba gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo 8 anashiba kwa gramu 240. Kikombe chake kina kilokalori 48 hivi. Mtoto wa umri huo anayenyonya vizuri huhitaji kama 200 kwa siku kutoka kwa chakula kingine. Atakunywa vikombe vinne na bado hajafika. Ameshiba maji. Hapo darasa hunyamaza, maana hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, ila hakuna aliyewahi kuielekeza kwenye sufuria.

"Si tuongeze unga?" Haya, weka gramu 200. Kikombe kilekile sasa kina kilokalori 140, lakini umepika kitu kinachokaribia ugali, na mtoto anakitema. Kemia inaanzia hapa. Wanga ukipikwa hufyonza maji na kuvimba, ndiyo maana uji huwa mzito. Nafaka iliyooteshwa, yaani kimea, ina kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukata minyororo mirefu ya wanga iwe vipande vifupi. Epua uji, uache upoe kiasi (ukiwa unatokota utakiua kimeng'enya), tia kijiko cha unga wa kimea, ukoroge. Unalegea ukiutazama, na nguvu iliyomo haijapungua. Urudishe motoni uchemke tena, kwa sababu kimea hubeba vijidudu. Na kiwe cha wimbi. Machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sayanidi, nami siyataki karibu na mtoto.

Takwimu huja baadaye, unapotaka kujua kama ni mtoto huyu tu aliye mfupi au kijiji kizima kimedumaa.

Sosholojia ndiyo yuniti wanayotiliana saini za mahudhurio. Mwaka mmoja nilipeleka kundi la mwaka wa tatu kijijini huko Vihiga. Msichana mmoja alieleza kila kitu bila kukosea, kisha akatoa kimea. Kukhu, yaani nyanya wa mtoto, aliyeketi mlangoni akainuka. "Hicho ni cha pombe ya busaa. Mnataka kumlewesha mjukuu wangu?" Tukapewa chai, tukaaga. Wala hakuwa mjinga: katika boma lile kimea kilikuwa kitu cha wazee na cha wanaolima kwa zamu, na sisi tulikuwa tunakiweka mdomoni mwa mtoto mchanga. Wanafunzi wangu waliijua amilesi. Hawakujua kimea ni cha nani, wala ni nani huamua mtoto ale nini katika nyumba ile, na hayo mawili yalikuwa kwenye daftari la mwaka wa kwanza.

Tuliporudi hatukubeba unga wowote. Tulimwomba kukhu atufundishe kuotesha wimbi: kuuloweka, kuutandaza juu ya gunia, kuufunika, kuuanika. Alitusahihisha asubuhi nzima. Ndipo mmoja wetu akauliza: je, ulevi umo ndani ya kimea, au huja siku zile pombe inapochacha?

"Huja na siku," akasema, huku akicheka. Kisha akamtuma mkaza mwana wake alete sufuria.