Mmweko wa satelaiti sio kimondo jamani

Jana tena kwenye grupu mtu karusha video, kadoa angani kanatembea taratibu, kanawaka mpaka kanang'aa kweli kweli halafu kanafifia, chini kaandika "kimondo hicho, ombeni dua". Sio kimondo. Huo unaitwa mmweko wa satelaiti: chombo kinapita juu, ubavu wake unaong'aa kama kioo unapigwa na jua, mwanga unatudondokea huku chini. Basi.

Satelaiti haina taa ya kutumulika. Ni kama ule utundu wa darasani, unageuza kioo cha saa kwenye jua la dirishani, kidoa kinatembea ukutani mpaka kinamfika mwalimu machoni, na aliyekaa dawati la pembeni wala hashtuki. Ndio maana wewe wa Ubungo unaona mwanga mkali na shemeji yako wa Kibaha anaona nukta tu anakuita muongo.

Kimondo ni jiwe, linaungua lenyewe likiingia kwenye hewa, fyaa, limeisha. Hata wazee wa Pwani waliosema ni malaika wanampopoa shetani, walikuwa wanaongelea kitu kinachochoma, sio kioo. Na lile dude la Mbozi, kule kusini magharibi mwa Tanzania, ni kimondo kilichofika chini.

Mimweko maarufu kuliko yote ilikuwa ya satelaiti za Iridium, kampuni ya simu za satelaiti, kila moja ilikuwa na antena tatu bapa zenye ukubwa kama wa mlango, zikikugeukia vizuri zilikuwa zinang'aa kuizidi sayari ya Zuhura maradufu kwa sekunde chache. Jina lenyewe lina kituko, walipanga kurusha satelaiti 77 na iridi, yaani iridium, ndio elementi namba 77, baadae wakapunguza zikawa 66 ila jina wakaliacha, maana namba 66 ni disprosi, sasa nani ataita kampuni hivyo. Nyingi za zile za zamani zilishushwa kuanzia 2017 zilipokuja mpya, ambazo hazina ile milango.

Halafu kuna wale wanaoshangaa eti watu "wametabiri" mmweko utaonekana saa ngapi. Hakuna ramli hapo. Kwa zile za Iridium njia ya satelaiti ilijulikana, antena imeinama kiasi gani ilijulikana, jua liko wapi lilijulikana, kompyuta ilikuwa inakupa mpaka sekunde. Kimondo kimoja kimoja hakuna anayeweza kukupa saa yake, hata msimu wa vimondo unaambiwa usiku na saa ambazo vinakuwa vingi tu, ukae ukodoe macho.

Kwa hiyo ndugu yangu wa grupu, kama mwanga umepanda taratibu na kushuka taratibu andika tu mmweko, dua unaweza kuomba vilevile.