Jengo lenye akili Dodoma lianze na maji na hewa ya usiku

Mteja akisema anataka "jengo smati", mara nyingi anachokiwazia ni simu: awe safarini Dar es Salaam, abonyeze, na taa za ofisi yake ya Njedengwa, hapa Dodoma, zizimike. Linawezekana, wala halina gharama kubwa siku hizi. Lakini hiyo ni rimoti tu iliyorefushwa. Anayeamua bado ni yule mwenye simu, na akisinzia, jengo nalo limesinzia.

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya kuongoza majengo, na kwetu jengo lina akili pale linapopima hali yake, likailinganisha na inavyotakiwa iwe, kisha likachukua hatua lenyewe. Vinavyohitajika ni sensa ya kupima, kontrola ya kuamua, na kitu cha kutenda: pampu, valvu, feni, swichi. Hayo yalikuwepo kabla ya intaneti. Modbus, itifaki (yaani lugha ya vifaa kuzungumza) ya mwaka 1979, naikuta hadi leo kwenye mita za umeme na jenereta. BACnet, iliyopitishwa kuwa kiwango Marekani mwaka 1995, ndiyo inayotumiwa na mitambo mikubwa ya viyoyozi. Intaneti imeongeza mambo mawili: vifaa vya kampuni tofauti vinaweza kusomwa mahali pamoja, na jengo linaweza kupata habari kutoka nje ya kuta zake, kama utabiri wa hali ya hewa.

Kwa Dodoma, mimi naanza na maji. Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa miongo mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016 watu wameongezeka kuliko mabomba. Ndiyo maana karibu kila ghorofa hapa lina tangi chini na jingine juu: maji yakitoka yanajaza la chini, pampu inayapandisha. Na anayesimamia shughuli yote hiyo ni mlinzi. Akipitiwa na usingizi, tangi la juu linafurika na maji ya thamani yanamwagika uani. Au la chini linakauka huku pampu inazunguka bila maji mpaka inaungua.

Boya la kawaida, lile linaloelea na kuwasha au kuzima pampu, linaweza kuzuia yote mawili, na sioni aibu kusema hivyo. Sensa ya kina inakupa kitu ambacho boya halina, nacho ni historia. Napendelea sensa ya presha inayokaa chini ya tangi: kila mita moja ya maji huongeza takriban kilopaskali 10, hivyo ukijua presha umejua kina. Zile zinazotundikwa juu na kupima kwa mwangwi wa sauti ni rahisi kufunga, ila mvuke huganda usoni mwake na namba zinaanza kuruka.

Sasa chukua tangi ambalo sentimita moja ya kina chake ni lita 40. Jengo ni la ofisi, usiku hamna mtu, pampu imezimwa. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 10 alfajiri kina kimeshuka sentimita 3. Hizo ni lita 120 zilizokwenda bila mtu kufungua bomba, na mwendo huo ukiendelea ni lita 720 kwa siku. Mara nyingi mhusika ni tangi la choo lisilofunga vizuri, linavuja kimya na hakuna anayeliona. Kontrola inayojua kuwa ni usiku na hamna mtu inaweza kufunga valvu kuu na kumtumia fundi ujumbe.

Baada ya maji, joto. Dodoma tuna bahati ambayo Dar es Salaam hawana. Tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni kavu, kwa hiyo usiku joto linashuka sana. Hata Oktoba na Novemba, mchana ukipita nyuzi 30, alfajiri hurudi chini ya 20. Kwa Wagogo hili si geni: tembe, kwa kuta zake nene za udongo na paa bapa la udongo, lilichelewesha joto la mchana lisiingie na baridi ya usiku isikimbie. Jengo la zege nalo lina uzito huo, ila tunalifunga madirisha saa 10 jioni likiwa limejaa joto, tunalifungua asubuhi na kuwasha viyoyozi.

Dawa ni feni na madirisha yanayoendeshwa na mota. Kontrola inalinganisha joto la ndani na la nje. Nje kukiwa na baridi zaidi kwa nyuzi tatu au nne, inapitisha hewa usiku kucha mpaka zege lipoe, kisha inafunga kabla jua halijapata nguvu. Hapa intaneti ina kazi ya kweli: utabiri ukisema mvua ya Januari inakuja saa 8 usiku, madirisha hayafunguliwi, na kesho ikitarajiwa kuwa na ubaridi wa Julai hakuna haja ya kulipoza jengo kupita kiasi. Vumbi lipo, hasa upepo wa kiangazi ukianza. Ndiyo maana naweka sensa inayopima presha mbele na nyuma ya chujio la hewa inayoingia. Tofauti ikikua, chujio limeziba, lisafishwe hata kama tarehe yake haijafika.

Lakini ukuta wa kioo unaotazama magharibi hauna sensa ya kuutibu. Tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua la mchana liko karibu utosini, hivyo zinazoumia ni pande za mashariki na magharibi. Hilo ulizungumze na msanifu kabla hujanitafuta mimi.

Kuhusu kupanga kazi, nina sharti moja: uamuzi wa papo hapo ufanyike ndani ya jengo. Umeme unakatika, bando linakwisha, mkongo unakatwa na watu wanaochimba barabara. Kontrola iwe na betri, iendelee kuongoza pampu, itunze vipimo na kuvituma mtandao ukirudi. MQTT, itifaki ninayotumia kuvituma, ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako mawasiliano yalikuwa dhaifu na ghali. Ujumbe wake ni mdogo, laini ya simu ya kawaida inautosha. Kuna vifaa vya bei nafuu ambavyo kila amri yake lazima ipite kwenye seva ya mtengenezaji ng'ambo kwanza. Kampuni ikifungwa, umebaki na plastiki ukutani.

Usalama tuuguse japo kidogo. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo hakuna aliyezibadilisha. Kabla ya hapo, mwaka 2013, wezi waliingia kwenye mtandao wa maduka ya Target ya Marekani kwa nywila za mkandarasi wa majokofu na viyoyozi. Kwa hiyo vifaa vya jengo vikae mtandao wao, mbali na kompyuta za wahasibu. Na kamera pamoja na kadi za mlangoni zinakusanya taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe mwenye jengo.

Mwenye ghorofa la kupangisha Ilazo au Nzuguni na fedha kidogo akiniuliza anunue nini kwanza, namwambia: sensa ya kina kwa kila tangi, mita ya maji inayotoa palsi (ishara fupi ya umeme kila kiasi fulani cha maji kikipita), na mita ndogo za umeme kwenye laini za viyoyozi na pampu. Ziache zirekodi mwezi mzima bila kuendesha kitu. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inakuonyesha uniti zilizobaki kwa jengo zima. Haikwambii kwamba kiyoyozi cha ukumbi wa mikutano kimewaka Jumamosi na Jumapili yote, na ukumbi ulifungwa tangu Ijumaa.