Sisteini Moja kati ya 35

Albumini ya damu ya binadamu ni protini, mnyororo wa asidi amino 585. Kazi yangu ni kuubandika rangi ing'aayo mahali pamoja tu, ninapopajua, ili nikiona mwanga nijue unatoka wapi.

Lisini, aina moja ya asidi amino, zimo 59, nyingi zikiwa usoni mwa protini. Ukizilenga hizo utapata mchanganyiko: molekuli hii ina rangi mbili, ile tano, nyingine haina hata moja. Sisteini, asidi amino yenye salfa, ni 35, ila 34 kati yake zimeshikana mbili mbili kwa vifungo 17 vya salfa kwa salfa. Inabaki moja iliyo huru, ya 34 kutoka mwanzo wa mnyororo. Hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Naishika kwa maleimidi, pete ndogo ambayo salfa ya sisteini huivamia kwa urahisi. Tatizo ni kwamba naitrojeni ya lisini nayo inaweza kuivamia. Kinachozitenganisha ni pH, kipimo cha uasidi. Sisteini ya kawaida ina pKa (pH ambayo nusu yake huwa zimeachia protoni) ya karibu 8.3, kwa hiyo kwenye pH 7 kama 5 katika kila 100 zimekwisha kuachia protoni na ziko tayari. Lisini, yenye pKa ya karibu 10.5, ni kama 3 katika kila 10,000. Pengo hilo ndilo uteuzi wenyewe. Maleimidi haina macho.

Hilo nilijifunza kwa hasara. Nikitaka kuharakisha, nilipandisha bafa, kimiminika kinachoshikilia pH, hadi pH 9. Mashine ya kupima uzito wa molekuli ikanionyesha protini zenye rangi moja, mbili, hata tatu. Lisini zilikuwa zimeingia, na sampuli ya wiki nzima ikamwagwa. Siku hizi sizidi 7.2, na bafa naipima asubuhi ileile.

Halafu kuna jambo linalosahauliwa sana: kifungo hiki cha maleimidi na salfa kinaweza kufunguka. Brentuximab vedotin, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, imefungwa kwenye sisteini za kingamwili kwa maleimidi. Ndani ya damu, sehemu ya dawa ya namna hii huachia na kuhamia kwenye albumini, kwenye sisteini ileile ya 34. Mgonjwa amepewa dawa ya kupelekwa kwenye uvimbe, nayo inazunguka mwilini juu ya protini nyingine. Kwangu huo si upungufu mdogo.

Kinachozuia kufunguka huko ni maji. Kwanza naondoa maleimidi yote iliyobaki, kisha napandisha pH hadi 9, ileile iliyoniharibia kazi. Sasa hakuna maleimidi huru ya lisini kushika. Pete inapokea molekuli moja ya maji na kupasuka, na ikishapasuka haiachii tena. Napima uzito kila baada ya muda. Ukiongezeka daltoni 18, yaani uzito wa molekuli moja ya maji, narudisha pH chini na kuweka sampuli kwenye friji.